Ufunguo wa Kumi na Nne

Siku ya kwanza walinikabidhi funguo kumi na nne
na kura moja.

Funguo nilizielewa. Miaka ishirini na sita
nimefunga na kufungua majengo ya watu wengine hapa Roubaix,
mji wa viwanda vya sufu vilivyokufa vikiwa vimesimama.
Kura ndiyo iliyonitoa jasho.

"Wewe pia, Anselmo," alisema Capucine,
umri miaka tisa, meno mawili pungufu.
"Hapa kila mwenye makalio ya kukalia benchi ana kura."
Nikangoja mwalimu mkuu amkemee.
Mwalimu mkuu hakuna. Yupo Odile tu,
naye alikuwa amenyoosha kidole
akisubiri zamu yake ya kusema.

Alhamisi tunakutana katika ukumbi wa kusokotea nyuzi.
Harufu ya kondoo haijatoka sakafuni.
Hapa babu yake Zofia alizibua mashine,
bibi yake Idir akafagia chini ya mashine hiyohiyo,
na hawakuwahi kusalimiana: kengele haikuwapa nafasi.
Wajukuu zao wanabishana saa nzima na robo
nani aoshe sufuria.

Nilidhani ni mchezo. Sifichi.
Kwetu, milimani Ureno, mwalimu alitundika fimbo
ukutani, kando ya msalaba,
nasi hatukujua tutazame kipi kwanza.

Idir hakukanyaga darasani tangu Septemba.
Alikaa ngazini, bila neno,
akinitazama nikipaka bawaba mafuta.
Nikapeleka shauri barazani: mtoto huyu anapotea.
Khamla akauliza, taratibu,
"Anapotea, au wewe hujui alipo?"
Nikakaa chini.

Januari boila likakata roho.
Barafu iliota upande wa ndani wa vioo.
Nikashauri tufunge wiki moja.
Thelathini na wawili wakasema tubaki, tisa tukasema twende.
Capucine alikuwa kwetu, kwenye tisa,
akachemka hadi masikio: "Mtaugua nyote, wajinga!"

Kesho yake alfajiri nikamkuta langoni
akisukuma toroli la dobi la mama yake,
mablanketi yamempita kimo.
Nikamwangalia.
"Nilishindwa kura," akasema. "Sikuhama shule."

Tukahamia jikoni wote.
Hesabu kando ya jiko, imla juu ya meza ya vitunguu,
mama yake Khamla na birika la supu ya mchaichai
iliyotutoa kamasi na huzuni kwa pamoja.
Kule chini baba yake Zofia na mjomba wake Idir
walilifumua boila, huyu kwa Kipolandi, huyu kwa Kikabili,
bisibisi ikiwa mkalimani.

Siku ya nne, Idir akagusa mkufu wa funguo kiunoni mwangu.
"Huu unafungua nini?"
Sauti nzito kuliko nilivyoitarajia.
Jiko zima likajifanya halikusikia.

Sijui, nikasema. Nilipewa hivyo.
"Naweza kuujaribu?"

Basi, ikawa hoja.
Mikono ikainuka yote, hata wa mdogo wetu Tiago
aliyekuwa amelala, mkono juu, kwa bahati.

Ni Aprili sasa. Jioni nafunga shule kwa funguo kumi na tatu;
wa kumi na nne unalala kwao Idir, chini ya mto.
Amejaribu makabati, darini, stoo ya makaa,
kufuli la baiskeli ya Odile (alimwomba kwanza).
Kila jaribio huliandika katika daftari
ambalo hakuna aliyemwamuru kulinunua,
kwa herufi zinazoegemeana kama watu waliochoka.

Hapana. Hapana. Karibu kidogo. Hapana.

Jana alinionyesha ukurasa wa mwisho:
*Kijimlango nyuma ya boila. Hapana.
Anselmo alishika tochi.*